Ngata, upande wa Castle: rivyu ya kuishi huko na ya Castle yenyewe

Kila wiki lazima kuna mtu anauliza "jamani Ngata ni poa? nataka kutoka taoni nihamie huko na watoto, ama ninunue ploti nijenge polepole", na wenye wanamjibu ni wawili tu, dalali mwenye ako na ploti ya kuuza na mtu mwenye hajawahi kulala huko hata usiku mmoja. Mimi ni mpangaji. Sina ploti, sina udalali, na landilodi wangu hasomi vitu za mtandao, kwa hivyo wacha niseme venye naona. Kama ni nyota, Castle, lile jumba la zamani la mzungu lenye watalii huja kuona, naipa nne, hewa na utulivu tano, usafiri tatu kama huna gari, na maji mbili, na hizo mbili ni huruma. Na usinunue kitu kabla hujakodisha kwanza ukaona mvua na ukaona kiangazi, maana Ngata ya Januari na Ngata ya Mei ni kama sehemu mbili tofauti.

Kwa mgeni: unatoka Nakuru na ile barabara kuu ya Eldoret, unapita Njoro tanofu, kidogo tu uko Ngata. Hii yote ilikuwa mashamba ya walowezi, ngano na ng'ombe, baada ya uhuru yakagawanywa, sahii ni watoto na wajukuu wa wenye waligawiwa ndio wanauza vipande. Kwa hivyo ukitembea unaona shamba la mahindi, halafu geti jeusi refu na manyumba zimefanana kila kitu hadi rangi ya mabati, halafu mahindi tena, posho mill, kinyozi, kanisa la mabati, halafu geti lingine. Wenye wako nyuma ya hizo mageti wengi ni watu wa kazi, walimu, manesi, watu wa benki, wengine wanafanya chuo kikuu cha Egerton pale Njoro, wengine cha Kabarak, asubuhi wote wametoka na jioni ndio unaona gari zimerudi na taa zikiwaka. Tangu Nakuru ipewe jiji Desemba 2021 madalali wamepata wimbo mpya, ati hii ndio itakuwa Karen ya Nakuru, kama ule mtaa wa matajiri wa Nairobi. Haya.

Wacha nianze na Castle, maana hiyo ndio imefanya watu wengi wajue hii njia.

Inaitwa Lord Egerton Castle, ni kama kilomita 14 kutoka taoni, na hata kama hupendi mambo ya historia enda tu. Mwenye alijenga ni Maurice Egerton, bwana mkubwa wa Tatton huko Uingereza, mtu mwenye alikuwa ameachiwa jumba na shamba kubwa kwao na bado akakuja kuweka makao Njoro. Alianza kujenga 1938, vita kuu ya pili ikaingilia kati, kazi ikaisha 1954. Vyumba 52! Mtu mmoja, hana mke, hana mtoto. Na alikufa 1958, kwa hivyo ukipiga hesabu alikaa ndani miaka minne hivi baada ya kujenga miaka kumi na sita. Mimi nimeona watu wakijenga nyumba za ushago hivyo hivyo, miaka yote ni ya simiti na siku za kukaa hakuna, lakini angalau hao huwa wanaachia watoto.

Ndani kuna ukumbi wa kudansi wenye kinanda kikubwa cha mabomba, kile cha kanisani, na mahali pa kuota moto kila unapogeuka, mbao za ukutani zimechongwa vizuri hadi unataka kuzigusa (usiguse). Kuna na chumba cha giza cha kusafisha picha, maana huyo mzee alikuwa anapenda kamera, na kabla ya hayo yote alikuwa kati ya Waingereza wa kwanza kabisa kupata leseni ya kuendesha ndege. Vyumba vingi viko wazi, fanicha ni kidogo sana, kwa hivyo usiende ukitarajia kuona vitanda vimetandikwa. Unaenda kuona mawe na mbao na venye pesa ya wakati huo ilikuwa inafikiria. Ukiwa na mtu wa kukuelezea ndio utafurahia zaidi, ukizunguka peke yako utapiga picha halafu utatoka ukisema ni nyumba kubwa tu.

Sasa ile stori. Utaambiwa na kila mtu, hadi wa boda mwenye anakupeleka: ati kulikuwa na mwanamke alimpenda, akaja akaona nyumba yake ya kwanza akasema hii ni kibanda cha kuku, mzee akaamua kumjengea ngome, naye mama alipoiona akasema hii sasa ni kama jumba la makumbusho, akaenda zake, na kutoka hapo mzee akachukia wanawake wote akapiga marufuku mwanamke yeyote kukanyaga kwake. Mambo ya kuchukia wanawake yanasimuliwa na wengi sana, sina shida nayo. Lakini hiyo ya kuku na makumbusho mimi naona imetiwa chumvi. Mtu alikuwa amezoea kuishi kwa jumba kwao, alikuja akajenga yenye inafanana na kwao, mbona lazima tumtafutie mwanamke wa kulaumu? Na hiyo stori imekula stori zingine zote. Hakuna mwenye anauliza mawe yalichongwa na nani, nani alibeba, walikuwa wanalipwa nini, walikuwa wanalala wapi wakati mtu mmoja anajengewa vyumba 52. Kuna wazee hapa vijijini wenye baba zao walifanya kazi kwa hizo mashamba za wazungu, ukikaa nao kwa kibanda cha chai wanaongea vitu tamu kuliko hiyo ya mapenzi, na hawalipishi.

Anyway, mimi niliingia na mguu wangu wa kike hadi chumba cha kulala cha bwana mkubwa na hakuna kitu kilinifanyikia. Siku hizi watu wanafanyia harusi pale kwa nyasi, maharusi wanapigwa picha kwa ngazi. Ndio maana nasema kama unataka kuona Castle kwa utulivu nenda siku ya kazi asubuhi, wikendi unaweza kukuta hema, spika na basi za shule zote mara moja. Beba maji, beba sweta, na ukienda na watoto wadogo washike mkono kwa ngazi.

Sasa turudi kwa manyumba.

Kitu cha kwanza kujua ni kwamba kila mwenye anauza kitu hapa anauza Castle. Bango ni picha ya Castle, jina la ploti ni Castle nini nini, "dakika kumi kutoka taoni". Dakika kumi labda saa tisa usiku na ukiwa ambulensi. Kuna kampuni fulani (sitaitaja) ilitubeba na van ya bure Jumamosi kuenda kuangalia ploti, tukapewa soda, tukaonyeshwa paa ya Castle kwa umbali juu ya miti, kila mtu akatoa simu akapiga picha, na hiyo shangwe yote hakuna mwenye aliuliza maji yanatoka wapi. Nilipouliza nikaambiwa "madam, maji iko kwa mpango". Mpango si maji jamani.

Kama unanunua, ujue hii mingi bado ni ardhi ya kilimo kwa makaratasi. Maana yake ununuzi wa ardhi ya kilimo lazima upate kibali cha bodi ya ardhi, ile LCB (Land Control Board), na sheria inasema ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkubaliane, bila hiyo makubaliano yenu ni bure, yaani mbele ya sheria hamkukubaliana kitu. Halafu ukitaka kujenga nyumba za kukodisha kuna mambo ya kubadilisha matumizi ya ardhi kwa kaunti. Halafu uliza kama hati iko kwa jina la mwenye anakuuzia ama bado iko kwa marehemu babu, hiyo ndio inatesa watu sana huku kwa sababu mashamba ni ya familia, mzee alikufa, urithi haujapitia kortini, na kijana mmoja tayari amepima ploti anauza. Fanya search mwenyewe, yaani uangalie rekodi ya hiyo ploti kwa ofisi ya ardhi, usitumiwe picha ya search kwa WhatsApp. Na uende na sevea wako ahakikishe bikoni za mipaka, si sevea wao.

Na kitu ingine yenye watu wanaogopa kuuliza wazi: huku ni mchanganyiko wa makabila, na kwa ile vita ya baada ya uchaguzi ya 2007 na 2008 upande huu wa Rongai, Njoro na Molo uliumia vibaya. Mimi nimekaa kwa amani na majirani wa kila aina, tunakopeshana chumvi na tunazikana. Lakini mtu mwenye anaweka pesa ya maisha yake ni haki yake kuuliza, na ukiuliza wazee kwa heshima watakuambia ukweli.

Maji sasa. Hapa ndio nataka mnisikilize.

Kwetu ni maji ya kisima cha kuchimbwa na mashine, yanapigwa pampu hadi kwa tangi, ya mfereji wa kampuni hayafiki kwa korti yetu, yaani hizi nyumba za kukodisha zenye ziko ndani ya geti moja. Stima ikipotea pampu haifanyi, kwa hivyo stima ikilala siku mbili unaona watu wa magari mazuri wakibeba mitungi. Hiyo unaweza kuzoea. Shida kubwa ni floraidi. Bonde la Ufa ni mawe ya volkeno, maji ya chini ya ardhi yanakaa kwa hayo mawe yanabeba floraidi, na ndio maana unaona watu wengi wenye wamekulia Nakuru meno yao ni ya kahawia. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya hii Bonde la Ufa vinapita hapo, vingine vinapita mbali. Wenye wanaumia ni watoto, kuanzia kuzaliwa hadi kama miaka minane, hapo ndio meno ya ukubwani yanajitengeneza, na yakishaharibika rangi hakuna dawa ya meno itarudisha.

Na msifikirie kuchemsha kunasaidia. Kuchemsha kunaua viini, floraidi inabaki, tena maji yakipungua kwa sufuria yenye imebaki inakuwa kali zaidi. Chujio la kawaida la mshumaa pia halitoi. Kuna chujio za mkaa wa mifupa ya ng'ombe, Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru wamezitengeneza kwa miaka mingi, hizo zinatoa, ila lazima mkaa ubadilishwe ukichoka. Ama unakunywa na kupikia maji ya mvua, unaweka gata nzuri na tangi, na ya kisima unafulia na kuoshea vyombo. Sisi tunafanya hivyo, na wakati wa kiangazi tangi likiisha tunanunua ya kuchujwa kwa mtungi wa lita ishirini, na hiyo ni gharama yenye haiko kwa rent wanakutajia.

Nilipomuuliza landilodi karatasi ya kupima maji, akaniambia "mama, hayo maji ni matamu, sisi tumekunywa tangu utoto na hatujakufa", akacheka, na meno yake yakanijibu.

Nyumba zenyewe ziko sawa. Vyumba vitatu, jiko kubwa kuliko za taoni, mahali pa kuegesha gari, na kwa rent hiyo taoni ungepata vyumba viwili juu ya duka na kelele ya spika ya mhubiri. Ukuta ni wa mawe ya huku huku, mazuri. Lakini angalia madirisha kama yanafunga, maana huku ni juu kuliko taoni na Julai baridi inaingia hadi kwa mifupa, usiku unalala na soksi na blanketi mbili. Angalia pia septiki iko wapi, kwa sababu mabomba ya maji taka ya jiji hayafiki huku kwetu, kila ploti ina shimo lake, na nimeona korti moja shimo liko hatua chache kutoka kwa kisima na bado watu wanalipa rent. Hapo hata usiingie kuona jikoni.

Udongo wa huku ni mwepesi, jivu jivu la volkeno. Kiangazi vumbi linaingia kila mahali, kwa televisheni, kwa kabati, kwa chai, nguo nyeupe anika ndani tu. Mvua ikija ule ule udongo unakatwa na maji, barabara za ndani zenye zimewekwa maramu zinakuwa na mitaro katikati, gari ndogo ya chini inagonga tumbo. Kuna njia moja ya kuingia kwetu kila mvua inahama kidogo upande wa mahindi ya mzee fulani, na kila mvua mzee anaweka miti, na kila mvua kuna kikao. Mimi niko upande wa mzee lakini siwezi kusema kwa kikao.

Usafiri. Ukiwa na gari ni rahisi, ukiwa huna ni hesabu. Matatu za kwenda taoni ziko barabarani, nyingi zinatoka mbali huko zikiwa zimejaa kwa hivyo asubuhi unaweza simama ukiangalia zikipita. Kutoka barabara kuu hadi ndani ni boda, na usiku bei ya boda inategemea venye anakuona umechoka. Barabara kuu yenyewe ndio naogopa. Ni hiyo hiyo inabeba malori yote ya Malaba na Uganda, na mbele kidogo ni Salgaa na Sachang'wan, na hakuna mtu wa huku amesahau Januari 2009 venye tangi la mafuta lilianguka Sachang'wan watu wakaenda kuchota, moto ukaua zaidi ya mia moja. Ukiishi Ngata unajifunza kukata kulia kwa subira na kutopita lori hata ukiwa umechelewa. Kuna mradi wa kupanua barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit na watu wana matumaini, lakini mjue kupanua ni miaka ya vumbi na kugeuzwa njia, na ushuru wa barabara pia unaongelewa. Weka hiyo kwa hesabu kabla ya kusema utaokoa pesa kwa kuhama taoni.

Chakula huku ni raha, sitadanganya. Maziwa yanaletwa mlangoni yakiwa bado moto, viazi, karoti, sukuma unachuma kwa jirani. Mama wa kibanda pale steji chapati zake na madondo ni sababu tosha ya kuhama. Dawa za usiku hakuna, duka la dawa linafunga mapema, kwa hivyo weka za watoto nyumbani. Na msiwe wale wahamiaji wa kulalamika ng'ombe wanapita mbele ya geti, ng'ombe walikuwa hapa kabla ya geti.

Ukiwa na wageni na mmemaliza Castle, pitia Njoro. Chuo cha Egerton kiko hapo, kilianza 1939 kama shule ya kilimo ya vijana wazungu pekee kwa ardhi ya huyo huyo Lord, baadaye ndio watu wa rangi zote wakaruhusiwa, ikakuwa chuo kikuu kamili 1987. Kuna pia kituo cha KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, pale ndio ngano kutoka nchi nyingi za dunia huletwa kupandwa ionekane kama itashinda ule ugonjwa wa kutu wa Ug99 wenye uligunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya tisini. Watu wanapita hapo kila siku wakifikiria ni shamba tu la serikali. Na reli ya zamani ya kwenda Kisumu inapita hapo Njoro, ile yenye ilifika ziwani 1901. Siku moja inatosha kuona hii yote na urudi taoni kabla giza.

Kwa hivyo nani ahamie? Mtu mwenye kazi yake ni Egerton, Kabarak ama upande huu wa Nakuru, ako na gari hata ya kusukumwa, na watoto wake wamepita miaka nane ama ako tayari na mambo ya maji. Kama unafanya taoni usiku, zamu za hospitali ama hoteli, mimi ningekaa Nakuru. Kwa kununua ningengoja nione barabara na maji vimekaaje.

Kwa mwenye aliniuliza inbox, korti ya mbele yetu kuna nyumba itakuwa wazi mwisho wa mwezi, vyumba viwili, gata ziko na tangi liko. Mwenyewe anasema kisima chake kimepimwa. Muitishe karatasi, na uangalie tarehe.